Korido Imekuwa Pana

4 Februari

Dada yangu Jemadari,

Shikamoo, na kabla hujaendelea kusoma mpelekee mama shikamoo yake, maana nakujua, ukishika barua humwoni mtu. Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha, sasa wanaougua ni viatu. Cha kushoto kimefungua mdomo mpaka nakionea haya. Chumbani tumebaki wawili, mimi na yule mpishi anayekoroma. Hata akilala kifudifudi anakoroma, sijui anatumia pua gani.

Haya, sikia habari yenyewe. Mkuu wa jengo letu la mikutano anatafuta mwongozaji wa wageni, yaani mtu wa kuwapitisha wageni katika kumbi zote na kuwaeleza kwa Kiingereza. Tumejitokeza watatu na anatakiwa mmoja. Mtihani ni mwezi wa tano. Nikipita, naacha kusimama mlangoni na rungu, napewa chumba changu peke yangu, na mama atakuja kukaa nami japo wiki aione ile dari ya ukumbi mkuu. Tangu nilipomsimulia habari ya dari hiyo hajaacha kuniuliza ataiona lini.

Jioni tunafundishwa na mwalimu tunayemwita Miwani. Dada, Kiingereza kina mambo! Kila neno lina marafiki zake, na ukilikalisha na asiye rafiki yake watu wanakucheka. Ukumbi unakubali kuwa mrefu, "long hall". Unakubali kuwa mwembamba, "narrow hall". Ukiwa wa heshima, wenye nguzo na mataa ya kuning'inia, huo ni "grand hall". Mimi juzi nikasema ukumbi wetu ni mnene. Darasa zima likaanguka! Nikauliza, jamani, kosa liko wapi? Miwani akajibu hakuna cha wapi, ndivyo wenyewe wanavyosema. Tena kilichonivuruga zaidi, kwao ukumbi wa kukaa watu elfu na korido ya nyumbani yenye ndoo zote zinaitwa hivyo hivyo, hall. Nikamwuliza, sasa mtu akialikwa kwenye hall atajuaje kama anakwenda karamuni au kwenye ndoo? Miwani akavua miwani akaifuta. Akifuta miwani ujue umemchosha.

Kazi tuliyopewa ni kila mtu aeleze hall ya kwao. Basi niandikie korido yetu ilivyo, kitu kwa kitu, nami huku nitakitafutia kila kitu rafiki yake. Mimi naikumbuka, ila nataka ya leo, isije ikawa mmeweka kitu kipya. Na mama aongeze mstari wake chini kama siku zote. Barua yako bila mwandiko wake hainishibishi.

Mdogo wako,
Kasuku

27 Februari

Mdogo wangu Kasuku,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani mpaka bahasha imepauka. Sisi hatujambo. Shule imeniletea sare nyingi za kushona na wazazi wote wanazitaka jana. Paa la jikoni linavuja pale pale pa siku zote, fundi amekuja, ametazama, amekunywa chai, ameondoka. Mama hajambo. Anakula vizuri na anabishana vizuri zaidi.

Umeniuliza habari ya korido. Basi andika: ni ndefu. Ni pana. Ni tupu. Mwanga unaingia kwa mlango wa nyuma. Ukuta wa kulia nimeung'oa misumari yote na kuusugua mpaka umekuwa laini, kisha nikaupaka rangi. Vitasa vya milango nimevifunga vitambaa, cha mama mahameli, cha bafu turubai, cha jikoni kipande cha sweta langu la zamani. Ni urembo tu. Sina zaidi, korido ni korido.

Huo ukumbi mnene umemchekesha mama mpaka amepaliwa. Amesema mwambie Kasuku ukumbi wake upunguze kula.

Anakusalimu sana. Hakuongeza mstari, mikono ilikuwa na unga.

Dada yako

9 Machi

Dada Jemadari,

Shikamoo. Mpe mama pole ya kupaliwa. Huku mvua zimeanza, na mpishi sasa anakoroma akiwa amekaa.

Lakini dada, pana? Tangu lini? Korido ile ile ninayoijua mimi? Kushoto kabati la vyombo. Kulia cherehani yako, hapo hapo kwa sababu ya mwanga. Mbele ya cherehani baiskeli ya marehemu baba, haina mnyororo lakini ole wake atakayeigusa. Kisha ndoo. Mimi na wewe tulikuwa tukipishana kiubavu, na atakayechelewa kujibana anachomwa na usukani. Leo unaniambia pana, tena tupu!

Nimempelekea Miwani korido mbili, ya barua yako na ya kichwa changu. Amesema "wide hall" na "empty hall" ni marafiki wazuri kabisa, Kiingereza hakina tatizo, mwenye tatizo ni mimi. Nikakubali, maana kweli nimechanganyikiwa. Cherehani umeuza? Unashonea wapi? Na misumari ilikukosea nini? Kofia ya baba ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wa tatu, sasa iko wapi?

Halafu jingine. Jumamosi nilipiga simu pale kwa fundi viatu, nikamwomba amwite mama. Akagugumia, akakohoa, akarudi na jibu kwamba mama amekataa kuja, eti simu inamwasha sikio. Mama yangu huyu huyu, aliyekuwa akiongea na simu mpaka salio la watu linakata? Na huo unga, ni unga gani usionawika? Nakuomba unieleze, maana huku nasoma sentensi moja mara nne na haiingii.

Kasuku wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Paa bado linavuja. Mama hajambo.

Sijauza kitu. Kabati liko chumbani kwangu, nalala nalo uso kwa uso. Baiskeli iko uani chini ya bati na kofia ya baba iko juu yake. Cherehani iko jikoni, na mzazi mmoja ameshanirudishia sare, anasema inanuka kitunguu.

Nakujua, hutaniacha mpaka niseme. Haya, lipo jambo. Lakini mama ameniapisha kwa jina la baba nisikuandikie mpaka utakapomaliza mtihani wako. Hakuna aliyekufa na hakuna aliyefungwa. Usiniulize tena, soma. Ukishindwa mtihani kwa sababu yangu sitajisamehe, na yeye hatanisamehe.

Amekaa hapa ubavuni kwangu anasikiliza kalamu. Ananiambia, hayo sasa mengi, umeandika nini? Nimemwambia naandika habari za paa.

Anakusalimu. Mstari ataandika siku nyingine.

Dada yako

15 Aprili

Dada yangu, tena bibi harusi wangu,

Shikamoo mara mbili! Barua hii nimempa mkononi dereva wa lori anayepita huko kwenu, kwa sababu haiwezi kungoja posta. Nimegundua! Usiku kucha nimeunganisha mambo, na asubuhi nikamwamsha mpishi nikampigia hesabu yote, na yeye akakubali. Mnahamisha vitu. Mnapaka rangi. Unafunga mahameli kwenye vitasa, wewe ambaye kitambaa cha kufutia vumbi ulikuwa unaninyima! Mama anakuapisha usiseme. Fundi viatu naye akisikia sauti yangu anagugumia kama aliyeiba. Dada, una mchumba! Tena nakisia ni yeye huyo huyo fundi viatu. Basi shemeji anitengenezee kiatu changu cha kushoto, nitamkubali.

Nimefurahi mpaka nimelia, nakwambia ukweli. Umetutunza sisi wote tangu baba alipoondoka, na hakuna aliyekuuliza wewe unatunzwa na nani. Ndiyo maana nimetuma zawadi.

Miwani ametufundisha kwamba kwa wenzetu korido ya heshima haikai bila kitu chake, "hall table", meza nyembamba ya ukutani, ya kuwekea maua na barua. Seremala wa jengo amenichongea moja ya mbao ngumu, miguu minne imara, haitikisiki. Mchumba akiingia akute korido imevaa, siyo tupu kama ghala. Nimemwelekeza dereva aiweke ukutani kulia, kati ya mlango wa mama na wa bafu, aingie kwa mlango wa nyuma kimyakimya, asigonge wala asiite mtu. Nataka mshtuke.

Kasuku, shahidi wa harusi

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Habari za huko? Habari za mama? Mwezi umepita na siku juu yake, sijapata hata kipande cha karatasi. Dereva amesema meza aliiweka pale pale, akaiacha barua juu yake, akatoka bila kuonwa. Hamkuipenda? Nimekosea mchumba? Kama si fundi viatu nisamehe, niambie ni nani.

Mtihani nimefanya. Tuliambiwa tueleze ukumbi tunaoujua. Wenzangu wakaeleza ukumbi mkuu, mimi nikaeleza korido yetu, ile nyembamba, yenye cherehani na usukani wa baiskeli. Ile yako pana sikuweza, kila nikifumba macho siioni. Miwani hakufuta miwani hata mara moja. Nimepita, dada. Kazi ni yangu.

Nimeandika habari hii nzuri na moyo wangu hautulii. Nijibu.

Kasuku

26 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba na hongera. Nimemsomea mama, akasema Alhamdulillahi, akaniambia, haya, sasa mwandikie. Mtihani umekwisha na kiapo kimekwisha.

Mama haoni, Kasuku.

Jicho la kushoto lilizimika mwaka jana, wewe ukiwa umeondoka tu. La kulia linaona mwanga wa mlango wa nyuma na basi. Daktari amesema ni presha ya macho, kilichokwisha kwenda hakirudi. Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Akanikatalia. Akasema, Kasuku akijua ataacha masomo aje kunishika mkono, na mimi mkono wangu unao ukuta. Ndiyo korido ilivyokuwa pana. Nilitoa kila kitu cha kumkwaza. Ukuta wa kulia niliung'oa misumari kwa sababu ndio anaoushika. Vitambaa ni kwa ajili ya vidole vyake, akigusa mahameli anajua ni chumbani kwake, akigusa turubai ni bafuni. Alikuwa anakwenda na kurudi bila mimi, na ukimwona utasema anaona.

Meza yako ilikuja nikiwa nimekwenda kupeleka sare shuleni. Mama alikuwa amelala. Dereva akaiweka ulipomwelekeza, akaondoka kwa kunyata. Mama akaamka, akatoka na mkono wake ukutani, bila wasiwasi, kwa sababu nilimwambia korido haina kitu. Nilimkuta sakafuni. Mfupa wa mkono umevunjika karibu na kiganja. Barua yako ilikuwa imeanguka kando yake, imeandikwa juu, kwa bibi harusi.

Nimekuchukia wiki mbili, sikufichi. Nilichukua shoka niipasue ile meza iwe kuni, naye na maumivu yake yote akaniambia, acha, mtoto ametuma. Nikaisukuma uani. Nikataka kukuandikia yote usiku ule, akanikumbusha kiapo, akasema mtihani bado. Fikiria, mkono umefungwa plasta na bado anahesabu mtihani wako. Kisha hasira ikanirudia mimi mwenyewe, maana ningekwambia neno moja tu, meza isingekuja.

Na fundi viatu ana mke na wajukuu. Alikuwa anagugumia kwa sababu nilimwomba asikwambie, na hajui kusema uongo.

Dada yako

4 Juni

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za mpishi.

Barua yako nimeisomea ngazini, nimesahau kushuka, mtu akanipita akaniuliza kama naumwa. Sijui nianze wapi. Mkono upi? Umeandika mkono, hukusema upi. Nimeirudia barua yote nikitafuta neno moja hilo. Anasikia maumivu usiku? Nani anamlisha? Nawakasirikia nyote wawili, halafu naiona meza, nakumbuka nilivyomsimamia seremala, nikimwambia kaza miguu, isitikisike. Nilimlipa mtu amwangushe mama yangu, na nikamwambia aende kimyakimya. Nimelia mbele ya watu, na sijali.

Jumatatu nilipitisha wageni kwa mara ya kwanza. Nikafika ukumbi mkuu, nikasema "grand hall" kama nilivyofundishwa, wakaitikia kwa vichwa wakatazama juu. Mimi sikutazama. Nilikuwa nawaza, na mama je? Yeye ndiye aliyetaka kuja. Basi kuanzia hapa si barua yako tena. Mkalishe, umsomee taratibu.

Mama, shikamoo. Ukumbi mkuu uko hivi. Utajua umeingia kwa sababu upepo wa nje unakatika shingoni na ubaridi unapanda kutoka chini, sakafu ni ya mawe. Kulia kuna nguzo, ni nene, naapa ni nene, Miwani asisikie. Ukiikumbatia moja, mikono haikutani. Hazina msumari. Ukikohoa, kikohozi chako kinakwenda, unakisahau, kisha kinarudi kukusalimu. Urefu wake ni ule wimbo uliokuwa ukinibembelezea. Nimejaribu leo wageni walipoondoka. Nimeuanza mlangoni kwa mwendo wako, nikaumalizia jukwaani. Na ile dari uliyokuwa ukiniuliza, mama, hata sisi wenye macho hatuioni sawasawa, iko juu mno na taa zinatuumiza. Dari ile ni ya kusikiwa. Mvua ikinyesha, utasema kuna wanawake wengi huko juu wanapepeta mchele. Nitakuleta siku ya mvua.

Dada, nimeomba ruhusa, nakuja mwisho wa mwezi. Ile meza ichomeni moto kabla sijafika. Nisiione.

Kasuku

23 Juni

Mdogo wangu Kasuku,

Marahaba. Mkono ni wa kushoto, na nisamehe kwa kukuacha na swali hilo. Anapona. Anakula mwenyewe na hataki kulishwa.

Nimemsomea. Pale pa mvua amenirudisha tena na tena mpaka sauti imekauka. Mwisho akainamisha kichwa, nikadhani amelala. Kumbe analia, na nilipomshika nikakuta anacheka pia, anasema, nguzo nene, mwanangu hasikii la mtu.

Sasa habari ya meza. Nimevurugika na sijui nikuelezeje. Tulipoitoa, mama alianza kupotea. Akienda bafuni anashika ukuta kwa mkono wa kulia, sawa. Akirudi, ukuta uko upande wa kushoto, na kwa plasta ile vidole havihisi kitambaa. Akawa anaupita mlango wake, anaingia kwangu, tunashtukiana, mimi na yeye na kabati. Wiki iliyopita akaniambia, irudishe meza ya mtoto. Nikasema mama, hiyo ndiyo iliyokuvunja. Akasema ilinivunja kwa sababu sikujua kama ipo. Tumegombana mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nimeirudisha. Pembe zote nimezishonea pamba na mahameli, na mimi mwenyewe nimeshajigonga nayo mara kadhaa, ila yeye hajaigonga hata siku moja.

Nilimwambia wewe unataka ichomwe. Akanipokonya kalamu. Nimempa rula aiweke chini ya mstari imwongoze, ameitupa. Kwa hiyo usishangae maneno yakipanda juu ya maneno yangu, mimi nimeinua mikono.

Dada yako

Kasuku. Meza isiguswe. Nikiishika najua nimefika kwangu. Njoo. Mama